Kile Kitabu Chekundu

Foleni ya dawati la maulizo la maktaba ya chuo ilikuwa imefika mlangoni. Mkutubi, ndani ya gauni lake la bluu lenye mifuko mikubwa, aliinua macho akakutana na kijana mrefu aliyevaa shati lisiloijua pasi.

"Dada, natafuta kitabu cha uchumi. Chekundu, kinene. Kompyuta imenigomea."

Mkutubi alienda, akarudi nacho baada ya dakika mbili. "Kompyuta inajua majina ya vitabu. Watu wanakumbuka rangi."

Kijana akacheka kwa aibu. Kilichogoma kwenye kompyuta ile kilikuwa kazi yake mwenyewe: alikuwa anatengeneza programu huria ya kutafutia vitabu, ambayo chuo chochote kingeichukua bure na kuirekebisha. Mkutubi akamwonyesha daftari lake. Kwa miaka sita alikuwa anaandika humo kila namna watu wanavyouliza vitabu, na kando yake kitabu chenyewe.

Tangu siku hiyo akawa anampigia picha za kurasa, naye kijana anaziingiza kwenye programu. Simu za jioni zikanoga.

"Mrembo wa rafu, leo wameulizaje?"

"Wameuliza kitabu cha profesa mwenye ndevu."

"Na wewe umeulizwa?"

"Nini tena?"

"Kama umekula, mpenzi."

Siku programu ilipowekwa hadharani, mkutubi alifungua orodha ya waliochangia. Jina lilikuwa moja tu, la kijana. Moyo ukamuuma. Kumbe kilichopendwa ni daftari. Siku tatu hakupokea simu, mpaka kijana akaja mwenyewe na kupanga foleni.

"Nimekosa nini, mpenzi?"

"Miaka sita yangu, jina lako."

Kijana akanywea. "Mfumo unaandika jina la aliyeingiza mstari. Niliingiza mimi, sikuangalia."

"Ungeangalia."

Kijana akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Mkutubi alibaki anagonga mihuri kwa hasira, akijua fika kwamba bado anampenda.

Ijumaa asubuhi simu yake ikaanza kulia mfululizo.

"Shoga, simu yako ina homa?" mwenzake akauliza.

Zilikuwa taarifa za programu. Kijana alikuwa amemsajili kama mchangiaji, akaifuta mistari yote iliyotoka daftarini na kuiingiza upya, mmoja mmoja, mia nne na kumi na miwili, kila mmoja kwa jina la mkutubi. Kwenye orodha, jina la mkutubi sasa lilikuwa juu ya lake. Ulibaki mstari mmoja, nao usingeingia bila idhini ya mkutubi: "Mwenye shati lisilopigwa pasi akitafuta mke, aletewe mkutubi wa gauni la bluu. Asiletewe mwingine."

Akatoka nje, akapiga simu.

"Huo mstari naukataa."

Kijana akashusha sauti. "Sawa. Nimekuelewa."

"Hujanielewa. Hayo si ya kuwekwa hadharani. Jumapili njoo nyumbani uyaseme mbele ya mama. Na hilo shati ulipige pasi."