Sarafu Iliyoitikiwa

Rafiki yangu Detlef si mwongo, ni mbishi tu. Hukusanya thaler, zile sarafu kubwa za fedha za watawala wa kale wa Ujerumani. Alikwenda milima ya Harz kununua moja kwa Bi Irmtraud, mjane wa mchimba madini. Theluji ilikuwa imeziba madirisha. Sebule giza mchana kweupe.

"Itazame utakavyo, mwanangu, ila usiigonge."

"Sasa bibi, nisipoigonga nitajuaje kama si ya bandia?"

Akaiweka kwenye ncha ya kidole, akaigonga kwa sarafu nyingine. Fedha halisi huimba. Ikaimba, ikafifia. Kisha, mbali chini ya sakafu, kitu kikagonga mwamba. Ko. Ko. Ko.

"Una panya?" Detlef aliuliza.

"Mgodi ulipoporomoka, tulimsikia mume wangu na wenzake wakigonga hivyo hivyo. Wakubwa wakasema ni maji yanadondoka. Wakaziba shimo kwa zege, wakaenda zao kula." Akamkazia macho. "Haya, fundi wa kusikiliza, hayo ni maji?"

Bibi akavua kiatu, akapiga magoti, akagonga sakafu kwa kisigino, taratibu.

Kule chini kukawa kimya. Halafu kugonga kukaanza upya, safari hii kwenye ubao uleule aliokanyaga Detlef.