Bomba Lililobaki Ukutani

Kwa miaka mingi, Lauchie Gillis alikuwa akiamka, anawasha tochi, anateremka chumba cha chini ya nyumba kulitazama tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto. Alilipapasa tumbo, akasoma kipimo, kisha akapanda kunywa chai. Huku kwetu kisiwani Cape Breton baridi haina mchezo. Tangi likikauka usiku, asubuhi unakuta maji yameganda kwenye mabomba.

Mimi ni mdogo wake Effie, mke wa Lauchie. Lauchie ni shemeji yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Mwezi wa tisa walifunga mashine mpya ya umeme ya kupasha nyumba joto. Tangi likabaki halina kazi. Lilikuwa na miaka thelathini, kutu imelila chini, na chumba kizima kilinuka mafuta. Harufu haikumsumbua sana Effie. Alichokiogopea ni kisima. Kisima chao kiko hatua kumi na mbili kutoka ukutani, upande wa chini wa mteremko. Hawana maji mengine ya kunywa.

"Hilo tangi litoke kabla ya theluji," Effie alisema.

"Litatoka. Nitalikata katikati kwa grenda," alisema Lauchie. "Nusu nitachomea nyama kiangazi. Nusu nitampa Lauchie wa Darajani."

Hapo lazima niseme jambo. Barabara yetu ina nyumba tisa za akina Gillis, na wawili wanaitwa Lauchie. Yule wa karibu na mto ni Lauchie wa Darajani. Shemeji yangu ni Lauchie Mwekundu, kwa sababu ya nywele zake, ingawa nywele zenyewe zilishahama kitambo. Sisi wenyeji hatuchanganyikiwi.

Effie hakubishana. Alimpigia simu Murdoch, dereva wa lori la mafuta. Murdoch amefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na anajua kila chumba cha chini katika barabara hii. Jioni alikuja, akakaa mezani, Effie akamwekea chai na biskuti.

"Tangi lina mafuta?" aliuliza Murdoch.

"Tupu kabisa," Lauchie alijibu. "Kwa hiyo hakuna hatari."

"Hilo tupu ndilo la kuogopa, bwana. Mafuta yakiisha, mvuke wake unabaki ndani. Cheche moja ya grenda inatosha. Nyama utachoma kweli, ila itakuwa yako."

Effie alicheka. Lauchie hakucheka.

"Sasa tufanye nini?" Effie aliuliza.

"Waite mafundi wenye leseni. Watavuta mafuta yaliyobaki kwa pampu. Watakwangua tope lililo chini na kulitia kwenye pipa lenye mfuniko. Watatazama sakafu kama ina doa au ufa. Halafu watalipeleka tangi kwenye chuma chakavu na kukupa karatasi ya kuonyesha limekwenda wapi. Karatasi hiyo itunze. Watu wa bima wataitaka."

"Na hayo mafuta yaliyobaki, si nimwage tu kule kichakani?" Lauchie alisema.

"Mwaga. Halafu unikaribishe chai ya maji ya kisima chako, nikatae."

Mafundi walikuja Alhamisi. Kutoka kwenye lile tangi "tupu" walivuta lita arobaini. Walikwangua tope jeusi zito kama uji. Waliliacha tangi wazi lipate hewa, wakalipima kwa kifaa chao, na mvuke ulipokwisha ndipo wakalikata na kulitoa vipande vipande. Sakafu ilikuwa kavu, haina ufa. Effie alishusha pumzi.

Yalibaki mabomba mawili kwenye ukuta wa nje. Moja la kumiminia mafuta, jingine la kutolea hewa.

"Hayo yaacheni," Lauchie aliwaambia mafundi. "Nitayatoa mwenyewe."

Hakuyatoa. Ukweli ni kwamba kiangazi kile alikuwa amepigilia mbao mpya ukutani, na alizipenda kuliko anavyotupenda sisi mashemeji. Hakutaka kuzitoboa wala kuzing'oa. Alitia tambara ndani ya bomba, akafunga kifuniko, akakipaka rangi nyeupe kifanane na ukuta. Akaona amemaliza.

Juma lililofuata Murdoch alipita na lori lake. Akasimama katikati ya barabara, akashuka.

"Lauchie, hilo bomba linafanya nini hapo?"

"Linapumzika."

"Sikiliza. Mimi nikimimina mafuta sioni kilicho chini. Nasikiliza mluzi tu. Hewa ikitoka kwenye tangi inapiga mluzi. Mluzi ukikoma, najua tangi limejaa. Lakini nikikuta bomba, naamini kuna tangi. Kabla sijatambua kuwa hakuna mluzi, dakika moja tu, lita mia mbili zimeshaingia. Hapa zitamwagika sakafuni, na kutoka hapo zitatafuta kisima."

"Kila mtu wa barabara hii anajua sina tangi."

"Si kila anayeendesha lori ni mtu wa barabara hii. Mwezi ujao nakwenda kupasuliwa goti. Anakuja kijana wa mjini kushika kazi yangu."

"Kesho nitalitoa," Lauchie alisema.

Effie alihesabu kesho tano. Siku ya sita aliipigia simu kampuni ya mafuta, akawaambia wafute jina lao kwenye orodha. Kisha alichukua spana kubwa, akavaa buti, akatoka nje. Nilikuwapo. Lauchie alimfuata akiwa na soksi tu.

"Utaharibu ukuta, mke wangu."

"Ukuta nitauziba. Kisima kikiingia mafuta nitakioshaje?"

Lile bomba lilikuwa gumu. Effie aliliegemea kwa uzito wake wote, uso ukawa mwekundu, lakini hakuliachia. Liliposogea, lilipiga ukelele na ubao mmoja ukapasuka. Akatoa na la pili. Akajaza mashimo saruji, akapigilia kipande cha ubao juu yake. Kilikaa upande. Lauchie alinuna siku tatu, nami nilifurahi zote tatu.

Wiki mbili baadaye upepo ulivuma tangu alfajiri. Tulikuwa jikoni, sisi watatu, tukaona mtu anazunguka nyumba na mpira wa kumiminia mafuta begani. Alizunguka mara mbili. Kisha akabisha hodi. Alikuwa kijana mgeni, pua imekuwa nyekundu kwa baridi.

"Samahani mama, natafuta bomba la mafuta."

"Hatuna," alisema Effie.

"Hapa si kwa Lauchie Gillis?"

"Ni hapa."

"Basi nina lita zenu mia saba."

Effie ndiye aliyeelewa kwanza.

"Hizo ni za Lauchie wa Darajani. Nyumba ya nne, mkono wa kushoto. Lakini niambie, kijana wangu. Ungeliona bomba ukutani, ungefanya nini?"

"Ningemimina, mama. Jina ni hilo, barabara ni hii."

"Na mluzi?"

"Kwa upepo huu? Ningejua nimesikia nini?"

Kijana akaenda zake. Lauchie aliweka kikombe chini. Aliteremka chumba cha chini, akakaa huko kwa muda. Alipopanda alikuwa mweupe kama ukuta wake. Alivaa koti, akachukua ile spana kubwa.

"Unakwenda wapi?" Effie alimwuliza.

"Kwa akina Gillis. Wote."

Nilifuatana naye. Nyumba ya kwanza bado wanatumia mafuta, tangi lao ni zima. Ya pili vilevile. Ya tatu ni ya Flora Gillis, mwenye miaka themanini na moja. Tangi lake liliondolewa miaka miwili iliyopita. Katika chumba cha chini ana viazi vya msimu wote wa baridi, na kisima chake kiko nyuma ya jiko. Lauchie aliyapekua maua ya waridi yaliyokauka kando ya ukuta. Bomba lilikuwepo, na kifuniko chake.

Hakungoja hata kubisha hodi. Alikamata spana akaanza kuzungusha. Mbao zikalia. Flora akatoka barazani na shali kichwani.

"Lauchie, mwanangu, unaniharibia ukuta?"

"Ndiyo, shangazi," alisema Lauchie, na akaendelea kuzungusha.