Mikono Minne na Mashine ya Vifungo

Katika kiwanda cha mashati, Mama Vifungo hakuwa na mpinzani. Alishona kifungo huku anapiga soga, macho yakiwa kwa jirani, sindano ikijua njia yenyewe. Malipo yalikuwa kwa idadi ya mashati. Kwa miaka kumi na miwili, sindano hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

Kisha ikaja mashine ya vifungo. Malipo ya shati lililoshonwa vifungo kwa mkono yakashushwa nusu. Mama Vifungo akaongeza kasi. Akaacha hata soga, mpaka wenzake wakadhani anaumwa. Bado mwisho wa mwezi alipata kidogo kuliko zamani.

Kilichomvuruga kichwa zaidi ni wifi yake, dada wa mumewe. Huyo hujichoma kidole hata kabla hajatunga uzi. Lakini ndiye aliyekabidhiwa mashine, kwa mshahara mara mbili ya wake!

“Ulimpa nini msimamizi?” Mama Vifungo alimuuliza siku moja jikoni, wakimenya viazi.

“Nilimpa cheti, wifi. Ulitaka nimpe viazi?”

Mama Vifungo hakucheka. Alimgeukia binti yake wa kidato cha pili.

“Jumatatu tunakwenda wote kiwandani. Mikono minne itashona mara mbili.”

Binti aliweka kisu chini. “Na shule, mama?”

“Shule itatulisha leo?”

“Wifi,” dada wa mumewe akadakia, “nyumba ikivuja, unaita watu zaidi waje kulowana?”

“Acha mafumbo. Nieleze.”

“Mashine inamaliza kwa saa moja mashati yako ya siku nzima. Tajiri hana haja tena ya kulipa mkono bei ya zamani. Lete mikono minne, lete minane, bei haitapanda. Anayetafutwa sasa ni mtu wa kusoma kitabu cha mashine, kuipangia kazi na kuandika ripoti. Watu hao ni wachache, ndiyo maana wanalipwa zaidi.”

“Yaani nyie wasomi mna akili kutushinda?”

“Akili gani! Wewe ulitolewa darasa la tatu ukalee wadogo zako. Mimi nikasomeshwa mpaka mwisho. Na ada yangu ilitoka wapi?”

Mama Vifungo alijua. Miaka ile mumewe hakuwa na kazi. Ada ilitoka kwenye vifungo.

“Kumbe nimekupandisha mwenyewe, halafu nimebaki chini nakushangaa?”

“Ndiyo hivyo, wifi.” Safari hii hakutania. “Sasa zamu yangu kukuvuta.”

Jumatatu binti alikwenda shule. Mama Vifungo na wenzake wanane walikwenda kwa msimamizi. Waliomba saa moja, mara tatu kwa wiki, wifi awafundishe kusoma na kuendesha mashine. Msimamizi akakataa. Wakarudi kesho yake. Siku ya tatu alichoka kuwakuta mlangoni, akakubali.

Mwanzoni herufi zilimchezea Mama Vifungo kama watoto watundu. Nyumbani binti akawa mwalimu, tena mkali.

“Rudia, mama.”

“Nani kamzaa mwenzake hapa?”

“Wewe. Rudia.”

Miezi minane baadaye Mama Vifungo alikabidhiwa mashine ya pili na mshahara wa mwezi. Vidole vyake vilihisi uzi mbovu kabla mashine haijakwama, jambo ambalo kitabu hakikulisema. Binti naye akapanda kidato cha tatu.

Jambo moja bado lilimtatiza Mama Vifungo. Mwenzake mmoja mzee aliyekataa kusoma alibaki na mashati ya kitambaa kizito, yale yaliyovunja sindano za mashine. Lakini alilipwa nusu ile ile. Mama Vifungo alimuuliza wifi: si ulisema walio wachache ndio hulipwa zaidi? Wifi, pamoja na cheti chake, akakuna kichwa.

Basi Mama Vifungo akachukua karatasi, akaandika mistari mitatu, akampelekea msimamizi:

“Mashine imeshindwa kitambaa kizito.
Huyu mama anakiweza.
Kwa nini analipwa nusu?”

Msimamizi alisoma. Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Safari hii aliyechanganyikiwa alikuwa yeye.