Upepo wa Mashine Sikioni

Kila jioni kazi ikiisha, Fundi seremala na mkewe walipulizana vumbi. Walichukua mpira wa mashine ya upepo, ile ya kupulizia rangi, wakapuliza nguo, nywele, hata viatu. Walicheka kama watoto, kisha wakafunga karakana.

Jioni moja Fundi alishika sikio la kulia. "Mama watoto, humu kumejaa unga wa mbao. Hebu nipulizie."

"Sikioni? Una wazimu?"

"Puliza bwana, twende zetu!"

Mkewe akasogeza mpira, akabonyeza. Pwaa! Fundi alipiga ukelele, akapepesuka, akaanguka juu ya mbao. Damu ikamchuruzika sikioni.

"Mungu wangu! Nimemuua mume wangu!"

Hospitalini, daktari wa masikio alichungulia kwa taa ndogo. Alikuwa mama mmoja asiyeficha neno.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," mke akasema. "Nilikuwa namsafisha vumbi la mbao karakanani."

"Loo! Sikio si bomba, mama! Ndani kuna utando mwembamba, ngoma ya sikio. Sauti ikiingia, ngoma inatikisika. Inatikisa vifupa vitatu vidogo sana. Navyo vinapeleka mtikisiko ndani kabisa, kwenye kitu kilichojisokota kama gamba la konokono. Humo mna maji na vinyweleo. Vinyweleo ndivyo vinavyopeleka habari kwenye ubongo. Wewe umeitoboa ngoma!"

"Na mbona dunia inazunguka?" Fundi akauliza, ameshikilia kiti.

"Kinachokusimamisha wima nacho kimo humo humo sikioni. Kimeshtuka."

Mke hakuweza kujizuia. "Daktari, atasikia tena?"

"Ngoma nyingi huziba zenyewe. Maji yasiingie. Na nta ya sikio iacheni, inanasa vumbi na kutoka yenyewe. Futeni nje tu kwa kitambaa. Nta ikijaa hadi sikio lisisikie, njooni hapa."

Miezi ikapita, tundu likaziba. Siku ya kupimwa, mke alikuja amejitanda nguo mpya kwa furaha. Daktari alipima masikio yote mawili.

"La kulia limepona. La kushoto ndilo bovu."

"La kushoto?" Mke aliruka. "Hilo sikuligusa!"

"Msumeno wa umeme unakaa upande gani?"

"Kushoto," Fundi akajibu.

"Basi. Kelele zake zimeua vinyweleo, kidogo kidogo, miaka yote hii. Ngoma huziba. Vinyweleo vikifa, havioti tena."

Mke alikaa kitako. Miaka yote alimwita mumewe kichwa kigumu, kumbe hakuwa akimsikia! Alimgombeza bure mbele ya watoto.

"Nisamehe, baba watoto," akasema.

"Na wewe uko karakana hiyo hiyo," daktari akamwambia. "Kaa hapa nikupime."

Usikivu wake nao ulikuwa umeanza kupungua. Siku hiyo hiyo walinunua vifuniko vya masikio vya kuzuia kelele, kila mtu vyake. Tangu hapo msumeno hauwashwi kabla havijavaliwa, na mpira wa upepo haumwelekei mtu.

Mwaka uliofuata walipimwa tena. Hakuna kilichopungua zaidi, kwa Fundi wala kwa mkewe. Wakati wa kurudi, mke alihamia kulia kwa mumewe. Akamsimulia mambo ya nyumbani kwa sauti ya chini, na Fundi akamjibu kila neno.