Kamera ya Tano, Stoo

Mke wangu alikuwa anaongea na mtu ndani ya nyumba yangu kila siku saa nane mchana, na kamera zangu nne zilikuwa hazimwoni huyo mtu.

Siku nilipogundua nilikuwa juu ya ngazi dukani kwa mteja, drili mkono huu, simu mkono ule. Kazi yangu ni kufunga kamera. Shule niliiacha mapema, lakini nipe nyumba yoyote, kabla jua halijazama utakuwa unaiona yote kwenye simu yako. Kwangu nilifunga getini, sebuleni, jikoni na kwenye korido ya vyumbani.

Nikamwona mke wangu anaacha cherehani, anapita jikoni, anaingia stoo. Stoo yetu iko nyuma ya jikoni na ina mlango wa kutokea uani. Kamera ya jikoni haioni humo, ila inasikia. Nikabana simu sikioni.

"Usiogope. Hapa hakuna anayetuona. Kaa hivyo hivyo nikutazame."

Halafu akacheka. Kicheko kidogo, laini. Mimi kicheko kile nilikuwa sijakisikia miezi saba.

"Fundi!" mwenye duka aliniita kutoka chini. "Umeganda kama umenaswa na umeme. Kuna nini?"

"Waya mbovu tu, mzee."

"Basi shuka, usije ukanifia dukani wateja wakakimbia."

Nilishuka. Nikapitisha picha za siku za nyuma mbiombio bila sauti: kila siku saa nane anaingia stoo.

Jioni nikamkuta anashona upindo wa gauni la mteja. Hakuinua uso.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Si unaniona? Niambie wewe nilikuwa wapi."

"Saa nane ulipotea dakika ishirini na tano."

"Nilikuwa stoo. Natafuta vitambaa."

"Kila siku vitambaa?"

Akaiweka sindano chini.

"Jumatatu uliniambia nimeacha bomba linavuja. Jumanne ukaniuliza mbona nimekaa sana kwenye kochi. Jana ukanisemesha kupitia hiyo kamera yako ghafla, nikajichoma kidole. Sasa na stoo unataka kuhesabu dakika?"

"Ni kwa ajili ya wezi."

"Wezi waje kuiba nini humu, Fundi? Cherehani hii ambayo hata mimi mwenyewe nikiisukuma inalia?"

Fundi. Zamani alikuwa haniiti hivyo. Aliniita Baba Bonge. Bonge ni binti yetu, tulimpa jina hilo la utani kwa sababu alizaliwa na mashavu kama maandazi na mapaja yenye mikunjo. Aliishi miezi tisa. Homa ilimpanda asubuhi moja nikiwa juu ya paa la ghala, simu yangu iko ndani ya boksi la vifaa. Mke wangu alipiga mara saba. Niliposhuka na kuiona simu, mtoto alikuwa ameshafika hospitali na hospitali ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Baada ya maziko nilikusanya kila kitu cha yule mtoto, nguo, chupa, beseni, nikagawa. Nikamwambia mke wangu jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba. Nilidhani namsaidia. Wiki ile ile nikaanza kufunga kamera. Ya getini ilikuwepo tangu zamani, nikaongeza tatu. Nikasema ni wezi. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kukaa juu ya ngazi dakika kumi bila kuangalia kama mtu wangu aliyebaki anapumua. Kumwambia hivyo ndiko kulikonishinda.

Kesho yake nilimpigia simu dada yangu mkubwa.

"Dada, nyumbani kuna mambo."

"Nilijua. Wifi yangu amekonda halafu anajipaka mafuta vizuri. Mwanamke akikonda na bado anajipaka mafuta, mdogo wangu, kuna anayemtazama."

"Nimemsikia anaongea na mtu stoo."

"Mwanaume?"

"Mtu huyo hajibu. Ananong'ona labda."

"Mlango wa uani unafungwa?"

"Kwa komeo la ndani."

"Na komeo la ndani anayefungua ni nani? Amka wewe! Fundi wa kamera mji mzima, unaibiwa ndani kwako!"

Maneno yale yaliniingia kama msumari.

Nikatoboa kopo tupu la rangi, nikaweka kamera ndogo ndani yake, nikalipanga juu kabisa ya rafu ya stoo katikati ya makopo mengine. Mtandao haufiki humo, kwa hiyo picha zilikuwa zinaingia kwenye kadi tu. Nikaiacha siku tatu.

Sasa hapa lazima niwaeleze utaratibu wangu, maana ndio ulionimaliza. Zamani mteja mmoja aligombana na karani wake juu ya mzigo uliopotea. Nikaitazama picha kwanza peke yangu, ndipo nikawaletea. Karani akaapa kwamba nimekata vipande. Tangu siku hiyo kadi ya ugomvi siitazami. Naitoa, naitia kwenye bahasha, nagundisha, nasaini juu ya gundi, na bahasha inafunguliwa mbele ya pande zote mbili. Wateja wananisifia kwa hilo. Wanasema fundi huyu hana upande.

Jumamosi mke wangu alipotoka kupeleka gauni, nikaitoa kadi. Nikaitia kwenye bahasha. Nikagundisha. Nikasaini. Sikuitazama.

Jumapili saa tisa alasiri walikuwa sebuleni kwangu. Dada yangu amekaa kochi kubwa, mkoba mapajani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva wa lori, amekaa karibu na mlango, maana ni mtu asiyependa vikao.

"Shemeji, umeniita, nimekuja," alisema. "Lori lina mzigo. Sema."

"Subiri dada yako aje."

Mke wangu akatoka chumbani na futi ya kupimia bado iko shingoni. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Kuna msiba?"

"Kaa, wifi," dada alisema. "Leo tunataka kuelewa."

"Kuelewa nini?"

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani.

"Shemeji, dada yako ana mtu. Anamwingiza stoo kila siku saa nane. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia asiogope, hapa hakuna anayetuona. Niliweka kamera humo. Kadi ni hii. Sijaitazama, saini yangu ni hiyo hapo, kagua mwenyewe."

Mke wangu hakupiga kelele. Akaitazama bahasha mkononi mwangu.

"Uliweka kamera stoo?"

"Ndiyo."

"Stoo?"

"Umesikia."

"Usiifungue." Sauti yake ikashuka. "Nakuomba. Nipige, nifukuze, nitukane mbele yao. Hiyo usiifungue."

Dada akapiga paja. "Mmeona? Anajua kilichomo!"

"Mdogo wangu," shemeji alimwambia taratibu, "kama kuna jambo, liseme wewe mwenyewe kabla halijasemwa na mashine."

Mke wangu akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshaanza kushuka.

Mimi nikachana bahasha.

Picha ikatokea kwenye TV, kubwa, safi. Saa nane na dakika tatu. Mke wangu anaingia stoo. Anafunga mlango. Komeo la uani halikuguswa. Anageuza ndoo, anakalia. Anavuta boksi la vitambaa, anatoa kopo la maziwa ya mtoto, lile la bati. Anafungua mfuniko. Ndani yake anatoa sweta ndogo ya njano aliyoifuma mwenyewe, anaitandaza mapajani, anainyoosha mikono yake huku na huku kama inavaliwa.

"Habari za leo, Bonge," alisema yule wa kwenye TV. "Nimechelewa, mteja alikuwa na mdomo kuliko kiuno. Usiogope. Hapa hakuna anayetuona."

Akaishika sweta kola, akaendelea.

"Baba yako ameweka macho nyumba nzima. Usimchukie. Hana ubaya, ni woga tu. Siku ile alikuwa juu, hakusikia simu. Angesikia angeruka na ngazi yake. Mimi namjua. Ipo siku atakutaja mwenyewe, halafu nitamwonyesha sweta yako. Sasa hivi bado. Akiiona leo ataigawa."

Akacheka kile kicheko kidogo. Akaibusu mikono ya sweta, mmoja, halafu wa pili.

Dada yangu alifunika uso kwa mkoba. Shemeji akainuka kuizima TV.

"Iache," mke wangu alisema. "Si mlikuja kutazama? Tazameni. Kuna Alhamisi bado, na Ijumaa."

"Mama Bonge..." nilianza.

"Leo ndiyo unalitaja?" Akanigeukia. "Miezi saba! Leo, mbele ya watu, ndiyo mdomo umefunguka?"

"Sikujua."

"Ungeniuliza. Ungeingia tu stoo ukakaa kwenye ndoo nyingine. Ndoo ziko mbili, Fundi. Ya pili niliiweka kwa ajili yako."

Ni kweli, ndoo zilikuwa mbili. Nilikuwa naziona kila nikiingia kuchukua waya.

"Nikuulize kitu cha kazi yako," alisema, akifuta uso kwa futi ya kupimia. "Kamera ya getini ilikuwepo siku ile. Nilipita nimembeba nikikimbilia hospitali, na jana yake nilimtembeza hapo hapo, anacheka. Ilimwona?"

"Ilimwona."

"Nionyeshe."

"Mashine ya kurekodi inajifuta kila baada ya siku kumi na tano. Nimeiweka hivyo, picha ikitimiza siku hizo inaondoka yenyewe."

"Kwa hiyo ilikuwepo wiki mbili. Mtoto wangu alikuwa humo ndani anacheka wiki mbili nzima, na wewe hukumtoa."

"Sikuweza kumtazama."

"Kumtazama yeye hukuweza. Kunitazama mimi saa ishirini na nne umeweza."

Dada akajaribu. "Wifi yangu, nisamehe, mimi ndiye nilimtia maneno..."

"Dada, wewe ulitia maneno. Kamera alitia yeye."

Akaenda stoo, akarudi na kopo. Shemeji alibeba cherehani bila kuulizwa, akapita mbele yangu, akasimama.

"Shemeji, mimi nilidhani nimekuja kumwonea aibu dada yangu," alisema. Akatoka na cherehani.

Sikutoka nje. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Geti liko hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, na mimi nilikaa kwenye kochi nikafungua simu nikawatazama wakiondoka. Nikamwona anapanda hatua ya kwanza ya lori, anashuka, anarudi getini. Akainua uso kwenye kamera. Tangu niifunge alikuwa hajawahi kuitazama.

"Baba Bonge," alisema. "Najua unaniona. Ungetoka."

Akasubiri. Nilihesabu baadaye kwenye picha, alisubiri sekunde arobaini na moja. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuongea, na hata hicho sikukibonyeza.

Akapanda lori.

Wiki iliyofuata nilituma ujumbe: "Nimezishusha zote. Rudi nyumbani."

Akajibu jioni: "Kushusha ni kazi yako, unajua. Mimi siwezi tena kulia kwenye nyumba hiyo nikaamini niko peke yangu. Kadi ile nipe mwenyewe, usibaki nayo."

Nilikwenda kwa shemeji na bahasha nyingine. Mke wangu akaipokea mlangoni.

"Umezitazama siku zilizobaki?" aliniuliza.

"Hapana."

"Umetoa nakala?"

"Hapana, Mama Bonge."

"Safari hii nakuamini," alisema. "Ulipaswa kuanza na hilo." Akafunga mlango polepole, bila hasira.

Picha ya yeye akisubiri getini niliirudia kila siku. Ningeweza kuitoa kwenye mashine, ni kazi ya dakika mbili. Sikuitoa. Siku ya kumi na sita nilifungua, ikawa imejifuta.

Hesabu yenyewe ni hii. Simu saba ambazo sikuzipokea. Kamera tano ziko kwenye boksi. Matundu kumi na mawili ya skrubu ukutani, nimeziba tisa. Ndoo mbili stoo, nakalia moja kila siku saa nane nikiwa sina kazi. Sweta moja ya njano, niliyoiona kwenye TV tu. Mtoto mmoja. Mke mmoja. Na sekunde arobaini na moja, hatua kumi na mbili.