Mtoto Aliyelikataa Jina

Harufu ilianza Jumanne saa nane mchana, kwenye shuka za mtoto ambazo Eucabeth alikuwa ametoka kuzianua juani. Alizinusa mara mbili. Zilinuka godoro lililoungua.

"Mama, kuna mtu anachoma takataka?" alimwuliza mama mkwe wake, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni.

"Nani achome, na mvua ya jana? Nyonyesha mtoto."

Lakini mtoto alikataa titi. Alikuwa na siku tisa. Asubuhi hiyo walikuwa wamempa jina la Mong'ina, marehemu nyanya ya mumewe, na tangu wakati huo hakumeza kitu. Kesho yake walimpeleka zahanati; wauguzi wakampima wasione ugonjwa.

Kufikia Alhamisi sauti ya mtoto ilikuwa imekauka. Mama mkwe akamwita Mama Machogu, mzee wa kijiji chao karibu na Marani aliyejua mambo ya majina.

"Amelikataa jina," alisema Mama Machogu. "Yuko marehemu anayetaka lake. Tuwataje wote. Akitajwa mwenyewe, mtoto atanyonya."

"Lakini sisi ni Wasabato," mama mkwe alinong'ona.

"Na mimi je? Si tunakaa benchi moja, na wewe ndiye unayesinzia?"

Wakataja wafu wa upande wa mume. Mtoto akalia. Eucabeth akataja wa kwao: nyanya, shangazi, mjomba. Mtoto akalia.

"Wameisha?"

"Wameisha," alisema Eucabeth, macho chini.

Hapo mlango wa chumba cha kulala, ambao haukuwa na kufuli wala komeo, na ambao nyuma yake hapakuwa na mtu, ukaanza kupigwa kutoka ndani, si kwa ngumi bali kwa viganja, vingi, vya chini, kwenye kimo cha watoto, na ile harufu ya godoro ikatoka chini ya mlango ikajaa sebuleni mpaka macho yao yakawawasha, kisha sauti ya msichana ikasema polepole, "Euka, waambie wafungue."

Mtu mmoja tu aliwahi kumwita Euka.

"Ni dada yangu," Eucabeth alisema. "Lavender."

Akawaeleza kwa sauti ndogo. Lavender alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ijumaa moja alitoroka, akajificha kwenye shamba la majani chai la baba yao. Alisema wasichana wakubwa wanapanga jambo baya. Eucabeth, mwenye miaka minane, ndiye aliyempelekea mahindi ya kuchemsha. Jumapili baba aliuliza mara moja tu aliko Lavender, naye Eucabeth akanyoosha kidole. Baba akamrudisha shuleni. Jumatatu usiku bweni liliungua, mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Jeneza lililetwa limepigwa misumari na hakuna aliyeruhusiwa kutazama. Tangu siku hiyo jina lile halikutajwa kwao, kwa maana aliyechukuliwa na moto harithiwi jina. Watu huogopa moto utakuja nalo.

"Halitaingia katika nyumba yangu," alisema mama mkwe.

"Basi mtoto atakufa na njaa," Mama Machogu akamjibu. Akamgeukia Eucabeth. "Moto ukija, utakuja baadaye. Njaa iko hapa. Amua, mwanangu. Wewe ndiye mama yake."

Viganja vilikuwa vikipiga kwa haraka sasa. Eucabeth akaweka midomo kwenye sikio la mtoto.

"Lavender," akasema. "Njoo nyumbani. Sitamwambia mtu."

Viganja vikakoma. Mtoto akalishika titi, akanyonya kwa nguvu hadi Eucabeth akauma meno. Mama mkwe akapiga magoti, akaanza kuomba huku akilia.

Eucabeth alilia pia, akimpangusa mtoto jasho. Mwili wake mdogo ulikuwa wa moto, ingawa hakuwa na homa. Kisha mtoto akafumbua macho, akamtazama mama yake bila kupepesa, kama mtu anayemjua siku nyingi na ambaye bado hajaamua kumsamehe.