Mwisho wa Wimbo wa Mong'ina

Sitatia chumvi, hivi ndivyo alivyonieleza rafiki yangu Nyasani, mpiga piano wa Nyamache, mwaka wa sabini na mbili. Alikuwa akitunga wimbo wa bibi harusi Mong'ina, na harusi ilikuwa Jumapili, lakini mwisho wa wimbo ulimkataa. Ijumaa jua likazama akiwa bado kwenye piano ya kanisa la Wasabato.

"Wewe Nyasani, Sabato imeingia! Acha nyimbo za dunia!" akafoka Mama Orpah, mtunza kanisa.

"Nimebakiza mwisho tu, mama!"

Orpah akamtoa nje, akafunga mlango kwa kufuli. Wakiwa kwenye ngazi, gizani, piano ikaanza ule wimbo.

"Umeacha nani ndani?" Orpah akanong'ona.

Wimbo ulipita pale alipokwama Nyasani, ukaendelea, ukaishia kwa mwendo wa polepole wa kubebea jeneza.